Seri na usingizi: kungoja kulikwenda wapi?

Mtu akimaliza episodi nane za seri usiku mmoja, asubuhi akasinzia mbele ya profesa, jibu tunalijua: kijana huyu hana nidhamu. Sikatai. Lakini jibu hilo linasahau historia, na historia ya hadithi za mfululizo iko ya kibiashara kuliko vile tunafikiri.

Turudi Paris, mwaka 1836. Émile de Girardin anaanzisha gazeti La Presse na kuliuza faranga 40 kwa mwaka, nusu ya bei ya magazeti mengine. Pengo la pesa angeliziba namna gani? Kwa matangazo, na matangazo yanataka wasomaji wengi. Ili wasimkimbie, akaanza kuchapa riwaya vipande vipande. Ya Balzac ikatoka humo mwaka uleule. Kipande kinakatwa pale pale pabaya: mlango unafunguka, hujui nani anaingia, rudi kesho. Kuanzia Juni 1842 mpaka Oktoba 1843, Eugène Sue akachapa Les Mystères de Paris katika Journal des Débats. Mwandishi Théophile Gautier alisema kuna wagonjwa waliongoja kwanza wajue mwisho wake ndipo wafe. Miezi 16!

Kumbe hamu ya kujua nini kitafuata haikuletwa na telefone. Lakini angalieni jambo moja: yule msomaji wa Paris, hata hadithi imuwake namna gani, alilala. Si juu alikuwa na akili kutupita. Kipande cha kesho kilikuwa bado hakijachapwa, basi. Redio na televisheni zikafuata njia ileile, kila siku au kila wiki kwa saa yake. Breki ilikuwa kwa muuzaji, haikuwa kwa mtazamaji.

Ikaanza kulegea na kaseti, kisha DVD, msimu mzima ndani ya boksi moja. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ikaingia kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007. Tarehe 1 Februari 2013 ikatoa House of Cards, episodi 13 zote siku moja. Na episodi inayofuata inajianzisha yenyewe baada ya sekunde chache. Hapo njo kuko mabadiliko yenyewe. Zamani ilibidi ufanye kitu ili uendelee. Sasa inabidi ufanye kitu ili usimame, na unaombwa uamue saa nane ya usiku, akili imeshachoka. Mwaka 2017 mkuu wa kampuni hiyo, Reed Hastings, alisema wazi kwamba wanashindana na usingizi. Mimi naona hakuwa anatania sana.

Mwaka huohuo watafiti Liese Exelmans na Jan Van den Bulck walitoa matokeo yao juu ya vijana 423 wa Ubelgiji, wa miaka 18 mpaka 25, yaani umri wetu. Waliozoea kutazama episodi nyingi kwa mfululizo walilala vibaya zaidi na walichoka zaidi. Waliona kwamba akili inabaki imewaka: umezima skrini, hadithi inaendelea kichwani. Sawa, utafiti wa namna hii hausemi nini kimeleta nini. Pengine asiyepata usingizi njo anatafuta seri. Mwenye huzuni pia. Hadithi inamshikilia usiku ule, kesho anaamka amechoka, huzuni imeongezeka, jioni anarudi kulekule. Mzunguko huo unawashika hasa wale waliomaliza masomo na bado hawajapata kazi, juu hakuna saa ya kuamka.

Wengine watasema: sisi mega ziko kidogo, na umeme unakatika. Kweli, lakini flashi ya rafiki yenye msimu mzima haingoji mega. Na ukitumia Netflix, ile ya kujianzisha yenyewe unaweza kuizima katika mipangilio. Kwenye flashi breki inabaki kwako: kopi episodi mbili tu kwenye telefone, na flashi irudi kwa mwenyewe siku ileile.