Tonkatsu: kwa nini hakuna kisu mezani?

Mara yangu ya kwanza kula tonkatsu ilikuwa kwenye mgahawa mdogo mtaa wa Ueno, Tokyo, viti vichache tu vinavyotazama jiko. Mpishi alichukua kipande cha nyama ya nguruwe, unene kama sentimita 2, akakipaka unga, akakichovya kwenye yai, akakigaragaza kwenye chenga za mkate, kisha akakizamisha kwenye mafuta. Baadaye akakitoa, akakiacha kidogo, halafu kra, kra, kra, akakikata vipande. Sahani ikaja na kilima cha kabichi mbichi, wali, supu ya miso na haradali pembeni. Nikaanza kutafuta kisu na uma. Hakuna. Vijiti tu.

Nikajua basi, hii ni mila ya kale ya Wajapani. Kumbe wapi! Chakula hiki hakijafikisha hata miaka 150, na kukosekana kwa kile kisu ndiyo historia yake yenyewe.

Twende taratibu. Mwaka 675 Mfalme Tenmu, aliyefuata mafundisho ya Kibuddha, alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Marufuku za namna hiyo zilirudiwa mara nyingi, na nyama ya wanyama wa miguu minne ikawa kitu cha aibu. Si kwamba watu waliacha kabisa. Nguruwe mwitu aliliwa, ila aliitwa "nyangumi wa mlimani", maana nyangumi alihesabiwa samaki! Sisi Watanzania tunaosema "kitimoto" tusiwacheke. Jina la kuzugia tunalijua vizuri.

Karne ya 19 mambo yakageuka. Viongozi wapya wa Japani walitazama majeshi na miili ya watu wa Magharibi, wakaamini kwamba nyama ni sehemu ya nguvu ile. Mwandishi Fukuzawa Yukichi alihimiza watu wale nyama na kunywa maziwa. Mwaka 1872 ikatangazwa hadharani kwamba Mfalme Meiji mwenyewe anakula nyama. Fikiria: kitu ulichofundishwa na bibi yako kuwa ni uchafu, leo serikali inakwambia ndiyo maendeleo. Si kila mtu alikubali kirahisi.

Kwanza nyama ilikuja na vyombo vyake vya kigeni. Katsuretsu, yaani "kotleti" kwa matamshi ya Kijapani, ilikaangwa kwa siagi kidogo, ikaliwa kwa kisu na uma. Mwaka 1899 mgahawa wa Rengatei, mtaa wa Ginza, ulianza kuuza ya nguruwe iliyozamishwa kwenye mafuta mengi, kama tempura. Kabichi mbichi nayo inasimuliwa kuwa ilitokana na vita vya Japani na Urusi vya 1904–1905: vijana wa jikoni walipelekwa vitani, na kabichi ya kukatakata haikuhitaji mikono mingi.

Miaka ya 1920 ikiishia, migahawa ya Ueno ikaanza kutumia nyama nene zaidi na kuikata kabisa jikoni, ili mteja ale kwa vijiti, na wali na miso. Nani hasa alianza? Wanabishana mpaka leo. Jina pia likabadilika: "ton" ni nguruwe kwa Kijapani, "katsu" ni kipande cha lile neno la kigeni.

Na ule ukavu unaolia mdomoni? Chenga za mkate wa Kijapani ni kubwa na zina nafasi za hewa. Kwenye mafuta ya nyuzi kama 170 za Selsiasi, maji yaliyo ndani yake yanakuwa mvuke na kutoka haraka, tabaka la nje linakauka, huku protini na sukari zikigeuka rangi ya kahawia yenye harufu nzuri. Wanakemia wanauita mmenyuko wa Maillard. Mkate wenyewe kwa Kijapani ni "pan", neno la Wareno waliofika huko 1543. Ni Wareno haohao waliofika Mombasa na Malindi 1498 na kutuachia maneno kama "meza" na "mvinyo".

Kama huli nguruwe, kuna katsu ya kuku, na historia ni ileile. Serikali iliweza kumshawishi Mjapani ale nyama. Kuiweka karibu na bakuli lake la wali ilikuwa kazi ya wapishi wa mtaani, na walichohitaji ni kisu kikali upande wao wa kaunta.

Jambo la mwisho, hasa kwa wanafunzi. "Katsu" inatamkwa sawa na neno la Kijapani la "kushinda", kwa hiyo wengi huila kabla ya mtihani. Mimi ni mtu wa sayansi, siamini mambo hayo. Lakini usiku wa kuamkia kutetea tasnifu yangu, niliagiza sahani mbili.