Beda Amuli na Paa la Soko la Kariakoo

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi vijana mlioko madarasani,

Wengi wa waliosoma hapa walipanda gari moshi stesheni ya Gulwe kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na haikuchukua siku nyingi wakafika Kariakoo. Soko lile tunalijua sote. Lakini ni wachache waliopata kuuliza ni nani aliyelichora.

Alilichora Mtanzania, Beda Amuli. Alizaliwa mwaka 1938, akasomea usanifu wa majengo katika chuo cha Technion, mjini Haifa, nchini Israel. Aliporudi nyumbani katika miaka ya 1960, kazi ya kuchora majengo makubwa ilikuwa karibu yote mikononi mwa wageni. Alianza kwa kufanya kazi katika ofisi yao, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe. Anahesabiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki waliohitimu kazi hiyo. Alifariki mwaka 2016.

Mahali alipopewa kujenga palikuwa na historia nzito. Wajerumani walisimamisha pale ukumbi wa maonyesho yaliyopangwa kufanyika mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, maonyesho hayakufanyika. Waingereza walipoutwaa mji, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi pale, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likageuka midomoni mwa watu kuwa Kariakoo. Baadaye ukumbi ukawa soko. Ujenzi wa soko jipya ulianza mwaka 1971, na likafunguliwa mwaka 1975.

Hebu tulitazame jengo lenyewe. Paa lake limebebwa na nguzo za zege zinazopanuka kwa juu, kila moja kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Chini yake hewa hupita na mwanga huingia, wala muuzaji hapigwi na jua. Lakini kazi ya miavuli hiyo si kivuli peke yake. Umbo lake la faneli lilikusudiwa kukinga maji ya mvua na kuyateremsha hadi kwenye hifadhi iliyo chini ya ardhi. Hivyo nguzo hubeba, paa hufunika, na vyote viwili huteka maji.

Hapo ndipo ilipo falsafa yake. Usanifu wa kisasa uliokua Ulaya baada ya vita ile ulifundisha kwamba umbo la jengo litokane na kazi yake, vifaa vionekane jinsi vilivyo, na mapambo ya bure yaachwe. Mengi ya majengo ya namna hiyo yalipoletwa Afrika yaliletwa kama yalivyo, na kuta za vioo zikaelekezwa jua la magharibi, ikabidi mitambo ipoze kile alichokipasha moto msanifu. Katika soko la Kariakoo fundisho lilelile limepimwa kwa jua na mvua ya mahali.

Sisi wa huku tunajua gharama ya kupanga bila kupima. Jirani zetu wa Kongwa waliuona mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Matrekta yalikuwapo na fedha zilikuwapo. Mvua haikutosha, na ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu.

Na nyumba zetu je? Tembe la Mgogo lilikuwa na paa bapa la udongo mzito juu ya boriti na fito. Mchana ndani palikuwa baridi, usiku palihifadhi joto, na ua ulilinda ng'ombe. Lilikuwa na kasoro zake pia: giza, moshi, na kuvuja masika yanapozidi. Nyumba za bati zimeondoa kasoro hizo, lakini saa nane mchana ndani yake hapakaliki.

Sisemi turudi kwenye tembe. Nasema tuulize kila paa linafanya kazi ngapi. Chukueni hesabu hii, vijana. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 25,000, yaani madumu 1,250 ya lita 20. Paa lisilo na mfereji wala tangi huyamwaga yote yachimbe msingi wa nyumba, kisha mama au dada hubeba dumu kichwani kwenda kutafuta mengine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kiwepo.

Tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Wafanyabiashara walipata hasara kubwa, lakini jengo halikuanguka. Likakarabatiwa, na pembeni yake likajengwa jingine.

Leo treni ya umeme inapita Gulwe, na Dodoma inajengwa mchana na usiku. Wachoraji wa majengo hayo watahitajika, na baadhi yao wamo madarasani humu. Ndugu zangu wahitimu, tuwasaidie vijana hao kwa vitabu na ada. Nanyi vijana, kabla ya kuchora mstari wa kwanza, tokeni nje mtazame jua linatoka wapi na maji yanakwenda wapi.