Uongozi Usio na Kiti

Watu wengi wakisikia neno uongozi hufikiria kiti, muhuri na gari. Nimefundisha sayansi Bukoba, kisha Muleba, hadi kustaafu, na kwa miaka mingi nimevutiwa na uongozi wa aina nyingine: uongozi wa jamii ya wanasayansi. Nitatoa mfano wa watu wanaochunguza nyota za moto mkali ambazo hazitulii. Msomaji asidhani kwamba jambo hili liko mbali. Linaonekana kutoka hapa kwetu, tena kuliko Ulaya.

Bukoba iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kidogo, kwa hiyo tunaziona nyota za kaskazini na za kusini. Mwanzoni mwa Desemba, saa tatu usiku, mvua ikikatika na mawingu yakaondoka, tazama upande wa Uganda. Utaona nyota tano zilizojipanga kama herufi M. Ile ya katikati huitwa Gamma ya Cassiopeia. Sasa geuka utazame upande wa Muleba. Utaona nyota nyeupe, kali, iliyo kama peke yake. Hiyo ni Achernar, jina lililotoka katika Kiarabu, maana yake mwisho wa mto. Ya kwanza inafika kiasi cha digrii 28 juu ya upeo wa macho, ya pili kiasi cha 34. Mtu wa Paris hawezi kuiona Achernar akiwa kwao.

Nyota hizi mbili ni ndugu. Tarehe 23 Agosti 1866, huko Roma, Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, aliupitisha mwanga wa Gamma katika chombo cha kuutawanya rangi zake. Wakati huo mji wa Bukoba haukuwapo. Emin Pasha alikuja kuweka kituo chake mwaka 1890. Padre alizoea kuona haidrojeni ya nyota ikiacha mistari myeusi ndani ya rangi hizo. Katika Gamma mstari ule haukuwa mweusi, uling'aa. Mwaka 1931 Otto Struve alieleza kwamba nyota za namna hii huzunguka kwa kasi kubwa mno, hata zikatupa gesi nje ikafanya kama sahani kiunoni mwake. Jua letu huzunguka kwa kilomita 2 hivi kwa sekunde pale kwenye ikweta yake; Achernar hupita 200. Kwa kasi hiyo imebonyea kama chungwa lililokaliwa. Joto la nyota za daraja hili ni nyuzi 10,000 hadi 30,000, na la Jua ni kama 5,500 tu.

Shida ni kwamba hazitabiriki. Mwaka 1937 Gamma iliwaka kuliko ilivyozoeleka. Katika miaka ya 1940 mistari yake ikafifia karibu kutoweka, kisha ikarudi. Mtu aliyeanza kazi akiwa kijana aweza kustaafu kabla nyota yake haijamaliza jambo moja. Hapo ndipo uongozi unapohitajika. Mwaka 1975 wataalamu wa nyota hizi walikutana Bass River, Marekani, na Arne Slettebak akahariri kitabu cha mkutano. Ndani ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, uliozaliwa mwaka 1919, wakawa na kikundi chao na jarida lao dogo, ambalo Geraldine Peters alilihariri kwa miaka mingi. Mwaka 2010 walikutana Paris, wakiwa wameingiza na nyota nyingine za moto zenye tabia kama hiyo.

Mwenyekiti wa kundi kama hilo hana mshahara wa kumkata mtu wala askari wa kumtuma. Kazi yake ni kuwaunganisha watu, maana kunapokucha Chile mtazamaji wa huko anaiacha nyota, na lazima awepo mwenzake wa Australia wa kuipokea. Tena hana ruhusa ya kudharau. Mwaka 2000, Sebastián Otero wa Argentina, asiye na cheo cha uanasayansi, aliona kwa macho yake kwamba nyota mojawapo ya Nge, Delta, imezidi kung'aa. Alisikilizwa, na ikathibitika kwamba Delta nayo imeingia katika ukoo huu. Kama angefukuzwa mlangoni, sote tungekula hasara.

Sisi wa Kagera tunaweza kulielewa hili kwa njia ya kahawa. Tangu chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilipoanzishwa mwaka 1950, mkulima ameleta kahawa yake ya maganda, ikapimwa, ikaandikwa. Kitabu kikipotea, jasho la mkulima limepotea, hata kama kahawa yenyewe ilikuwa safi.

Nalisema hili kwa uchungu. Katika shule moja niliyofundisha, wanafunzi walipima mvua kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Siku ofisi ilipopakwa rangi, madaftari yale yalichomwa pamoja na takataka. Mvua ya miaka ile haitanyesha tena ili ipimwe. Waliopima walikuwa watoto wadogo, wengine wakitoka mbali na miguu mitupu, na hakuna aliyewaambia kwamba kazi yao imekuwa majivu.

Hata hivyo mbegu zipo. Ng'ambo ya mpaka, katika Chuo Kikuu cha Mbarara, Edward Jurua na wanafunzi wake wamechunguza nyota za moto zenye kemia isiyo ya kawaida, wakishirikiana na wenzao wa India na Ubelgiji. Kwetu, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria aliwafundisha Watanzania anga kwa miaka mingi, na tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa kutazama kupatwa kwa Jua.

Kijana wa Muleba anayeziona Gamma na Achernar kwa usiku mmoja ana nafasi ambayo Padre Secchi hakuwa nayo pale Roma. Anachohitaji ni daftari, mwenzake wa kumpokea, na mkubwa atakayelitunza daftari hilo baada yake.