Chini ya bahari yetu kuna nini?

Anayesimama Kipevu kutazama meli za mafuta zikifunga gatini pengine hudhani kwamba chini ya bahari yote ni matumbawe na mchanga. Kumbe matumbawe ni ya ukingoni tu. Mbali huko, chini ya tope nene, kuna jiwe jeusi zito liitwalo basalti. Hilo ndilo gamba la bahari.

Gamba hili huzaliwa pale mabamba mawili ya dunia yanapoachana. Mwamba wa moto ulio chini hupanda, na kwa kupungukiwa na mgandamizo sehemu yake huyeyuka. Uji huo ukimwagika majini huganda ghafla, ukawa mafungu ya mviringo kama mito ya kulalia. Unaokwama kwenye nyufa husimama kama kuta nyembamba, na uliobaki chini hupoa polepole ukawa gabro, jiwe la chembe kubwa. Unene wa vyote pamoja ni kilomita 6 au 7 tu, ilhali gamba la bara hufika 30 hadi 40. Lakini la bahari ni zito zaidi, ndiyo maana limekaa chini na maji yakatuama juu yake.

Letu lilianza kufanyika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, Bukini ilipojitenga na Afrika ikateremka kusini. Mawe laini ya tabaka tabaka ya Changamwe ni tope la bahari ile changa, na humo hupatikana magamba ya amonaiti, viumbe vya baharini vilivyokwisha zamani. Kwa hivyo Kipevu yenyewe iko kwenye ukingo wa bara, si juu ya gamba la bahari.

Mwenye hamu ya kuliona kwa macho (na wengi wetu tuna jamaa Omani) na aende Wadi Jizi, nyuma ya Suhar. Milima ile ni gamba la bahari la kama miaka milioni 95, lililosukumwa likapanda nchi kavu. Shaba ya Omani ya kale ilichimbwa humo.

Wala haya si ya darasani tu. Sheria ya bahari huiruhusu nchi kudai sakafu ya bahari hata kupita maili 200, na kipimo kimojawapo ni unene wa tope lililolala chini. Kenya ilipeleka dai lake Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Hukumu ya mpaka na Somalia ilipotoka tarehe 12 Oktoba 2021, vibarazani tulibishana juu ya mstari wa majini tu. Tope hilo, ambalo mito kama Tana na Sabaki imelileta tangu dahari, ndilo linalotafutiwa mafuta na gesi. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa kiligusa gesi, ila haikutosha kwa biashara.