Mwenge, Masurufu na Mzigo: Historia ya Kazi Ndogo Katika Michezo ya Kuigiza Mezani

Katika mchezo wa kuigiza mezani, watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akishika nafasi ya mhusika wake. Mmoja wao, kiongozi wa mchezo, hueleza yanayowazunguka wahusika hao na kuamua matokeo kwa kanuni na dadu. Sifa ya michezo hii imetokana na mapigano na mazimwi, lakini hadithi ya safari ina mengi ya kawaida: kununua masurufu, kufunga mizigo, kuwasha mienge, kupiga kambi, kulipa madeni. Jinsi ya kuzifanya kazi hizo zisisimue ni swali lililokuwapo tangu mwanzo.

Chimbuko la michezo hii liko katika michezo ya vita ya maofisa wa Prussia. Kanuni alizotoa Georg von Reisswitz mwaka 1824 zilimweka mwamuzi kati ya pande mbili, na kila zamu ikawa sawa na dakika mbili za vita. Amri iliandikwa, na ilichukua muda kumfikia aliyeandikiwa, kama ambavyo tarishi angekuwa njiani juu ya farasi. Kazi duni ya kupeleka barua ikawa jambo la kumtoa mtu jasho. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St Paul nchini Marekani, David Wesely aliandaa mchezo uliowapa wachezaji nafasi za watu wa mji mdogo wa Kijerumani zama za Napoleon, akiwemo meya. Yeye alidhani umevurugika, maana watu walitawanyika kwenye shughuli zao badala ya kupigana. Wachezaji waliomba urudiwe.

Mmoja wa wachezaji wa kundi hilo, Dave Arneson, alianzisha mchezo wake wa Blackmoor mwaka 1971. Kutokana na kazi yake na ya Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza. Kwa safari za nyikani, kanuni zake ziliwaelekeza wachezaji kwenye ubao wa Outdoor Survival, mchezo wa mwaka 1972 kuhusu watu waliopotea porini, wanaotafuta maji na chakula.

Jinsi kazi ndogo zilivyosukwa katika mchezo wa Arneson na Gygax inaonekana vizuri katika toleo la mwaka 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay. Ndani ya mahandaki, zamu moja ni dakika kumi. Mwenge huwaka zamu sita, na chupa ya mafuta ya taa zamu ishirini na nne. Kupekua eneo la futi kumi kwa kumi hula zamu nzima, na katika kila zamu sita, moja ni ya kupumzika. Kila baada ya zamu mbili kiongozi hurusha dadu. Ikitua moja, kuna kitu kinachozunguka gizani kimewakaribia. Kwa hiyo wachezaji wenye mienge miwili iliyosalia wakifika kwenye chumba kitupu, swali la kukipekua au kukiacha lina uzito kamili. Kupekua ni kazi ya kuchosha, lakini humeza mwanga, na mwanga ndio njia ya kurudi nyumbani.

Mzigo ulihesabiwa kwa sarafu. Sarafu kumi zilikuwa ratili moja, hivyo sarafu elfu moja zilikaribia kilo 45, na kadiri mzigo ulivyoongezeka ndivyo mhusika alivyopungua mwendo. Hapo hapo, kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa nje salama ilihesabiwa kuwa alama moja ya uzoefu. Lililomkuza shujaa ndilo lililomchelewesha mbele ya wanaomfukuza. Ni usukaji wa kustaajabisha, na waliofuta hesabu ya mzigo kwa kuiona kero waliondoa kiungo kilichobeba vingine vyote.

Traveller, mchezo uliotungwa na Marc Miller mwaka 1977, ilizipa kazi ndogo uzito kwa njia ya deni. Wahusika wake husafiri kati ya nyota, mara nyingi kwa chombo kidogo cha biashara chenye bei ya krediti 37,080,000. Chombo hicho hulipiwa krediti 154,500 kila mwezi kwa miezi 480, yaani miaka arobaini. Mruko mmoja kati ya nyota huchukua wiki nzima, hivyo safari za kuleta mapato ni chache kwa mwezi. Mafuta safi ni krediti 500 kwa tani. Machafu ni 100, lakini yanaweza kuharibu mitambo au kukipoteza chombo. Kujaza mafuta bandarini kukawa kamari, na abiria mwenye mzigo wa kutiliwa shaka hakuwa rahisi kukataliwa mwisho wa mwezi.

Katika miaka ya 1980 upepo uligeuka. Mfululizo wa Dragonlance, ulioanza mwaka 1984, uliwapa wachezaji hadithi kuu yenye mashujaa wake, na shujaa wa namna hiyo hafi kwa kukosa mkate. Pendragon ya Greg Stafford, ya mwaka 1985, ilishika njia yake: kila mwaka wa hadithi ulifungwa kwa majira ya baridi, dadu zikarushwa kujua kama farasi amepona na kama mtoto amezaliwa. Kwingine hesabu ziliendelea kulegea. Dungeons & Dragons ya mwaka 2014 ina uganga wa kuwasha mwanga bila kikomo, na mwingine wa matunda kumi, kila moja likimtosha mtu kwa siku.

Kazi ndogo zilirudi kupitia watunzi wengine. Ryuutama ya Atsuhiro Okada, iliyotoka Japani mwaka 2007, inawahusu wakulima, wachuuzi na wawindaji walio safarini. Kila asubuhi dadu husema hali ya mwili wa msafiri, kisha njia na kambi hupimwa. Torchbearer ya mwaka 2013 huwatia wahusika dhiki mpya kila baada ya zamu nne, ikianza na njaa na kiu. Blades in the Dark ya John Harper, mwaka 2017, ilikwenda upande wa pili: mchezaji huchagua tu kama mzigo wake ni mwepesi, wa kawaida au mzito, kisha hutaja alichobeba pale kinapohitajika, na maandalizi yote hugeuka kisa kinachosimuliwa katikati ya hatari.

Shadowdark ya Kelsey Dionne, ya mwaka 2023, imeutoa mwenge kwenye karatasi kabisa. Unawaka saa moja ya kweli, inayohesabiwa kwa saa ya mezani. Wachezaji wakibishana nani abebe kamba, dakika za mabishano hayo nazo hukatwa kwenye mwanga wao.