Daftari la Gari la Mtumba

Kila mwaka wanafunzi wangu wa historia huniuliza mtafiti atapata wapi ushahidi wa maisha ya watu wa kawaida. Huwaelekeza kwenye Nyaraka za Taifa, kwenye magazeti ya zamani na kwa wazee wa mitaa yao. Mwaka huu nimewaongezea chanzo cha nne: daftari ambalo limekaa ndani ya gari langu tangu mwaka 2017, ambamo nimeandika kila shilingi ambayo gari hilo limenitoa. Msomaji anivumilie nikilifungua hadharani, kwa kuwa naamini yaliyomo si yangu peke yangu.

Gari lenyewe ni kigari cha Kijapani cha mwaka 2006, injini ya cc 1300. Ukurasa wa kwanza una mistari miwili tu. Wa kwanza ni bei ya gari pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandari ya Dar es Salaam: shilingi 5,000,000 na ushei. Wa pili ni kodi: karibu kiasi hicho hicho. Hesabu yake haikuwa na siri. Ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo ukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari lilikuwa limepita miaka 10. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ikawekwa juu ya vyote hivyo, kodi nayo ikitozwa kodi. Nilinunua gari moja nikalilipia mawili.

Ile asilimia 30 watu huiita ya uchakavu. Sababu inayotolewa ni njema: kuzuia nchi isigeuzwe jalala la magari yaliyochoka, na kulinda hewa. Sina ugomvi na sababu hiyo. Ugomvi wangu ni wa kihistoria, nao unahitaji turudi nyuma kidogo.

Nilikua katika miaka ya mwanzo ya themanini, katika mji ambao magari ya watu binafsi tuliyajua kwa majina ya wenyewe. Kulikuwa na Peugeot 404 ya daktari, na Volkswagen ya mgongo wa kobe ya mfanyabiashara mmoja. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikuwa vimeikausha nchi fedha za kigeni, na siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi. Gari halikuwa kitu cha kutamaniwa na mtoto wa mwalimu. Tulichotarajia ni basi. Dar es Salaam ilikuwa na Shirika la Usafiri, UDA, lililoundwa mwaka 1974, na ahadi iliyokuwa nyuma yake ilikuwa kubwa: kwamba kumfikisha mfanyakazi kazini ni jukumu la umma.

Ahadi hiyo haikufa kwa tamko. Ilikufa kwa kukosa spea. Mabasi yalipakwa moja baada ya jingine kwa kukosa matairi na vipuri, na mwaka 1983 Serikali ikayaruhusu mabasi ya watu binafsi ambayo wananchi walikuwa wamekwisha kuyabatiza daladala, kwa ile sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya Juni 1984 iliyosomwa na Cleopa Msuya, mwenye fedha zake nje ya nchi aliruhusiwa kuagizia bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Wanahistoria wa uchumi hulitaja jambo hilo kama mwanzo wa kulegeza masharti ya biashara. Mimi hulitaja kama siku ambayo mlango wa gari la mtumba ulifunguliwa. Ukaja wakati wa Mzee Ruksa, ikaja Corolla, ikaja Starlet, na baada ya mwaka 2000 zikaja Vitz na IST, ambazo leo hujaza maegesho ya walimu na wauguzi.

Kwa nini Japani? Upande wa usukani ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni sheria yao ya ukaguzi, ambayo humtaka mwenye gari jipya alipeleke likaguliwe baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2, kwa gharama nzito. Tena gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hiyo Mjapani naye huadhibiwa kwa uchakavu. Tofauti ni kwamba yeye akiliachia gari lake, nje ya nyumba yake anaikuta treni.

Ukaguzi ule ndio unaolifanya gari litufikie likimeremeta. Langu lilisoma kilomita 61,000, nami nikafurahi kama mjinga. Sikujua kwamba mpira hauzeeki kwa kilomita bali kwa kalenda. Bushi, maunti za injini, hozi za maji na sili vilikuwa na miaka 11, hata kama gari lilikuwa limelala gereji nusu ya umri wake. Daftari linaonyesha hivyo waziwazi: miezi minne ya kwanza ni bushi na stabilaiza linki, mwezi wa saba, shokapu za mbele, maana barabara ya kwetu Kibamba ina matuta na mashimo kwa zamu, mwaka wa pili, rejeta, ambayo niliiua mwenyewe kwa kuijaza maji ya bomba badala ya kulanti, nikidhani naokoa fedha.

Kisha kuna ukurasa ambao bado siupendi. Gia boksi ya gari langu ni ya CVT: haina gia za ngazi, bali mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili, nao huhitaji oili yake maalumu. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aliiwekea oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Hakuwa mwizi. Alifundishwa kwa magari ya miaka ya tisini, na kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani. Baada ya wiki chache gari likaanza kutetemeka kila likiondoka, hadi asubuhi moja likagoma kabisa katikati ya barabara, mama yangu akiwa amekaa kiti cha nyuma. Nililinunua gari lile kwa ajili yake, kwa ajili ya kliniki ya moyo inayomtaka aondoke nyumbani saa kumi alfajiri. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 uliishia Kimara, na kufika Kimara kwa daladala alfajiri, kwa mwanamke wa miaka 74 anayesimama njia nzima, si safari bali ni adhabu. Siku hiyo tulimalizia kwa bajaji. Gia boksi ya mtumba kutoka Gerezani, pamoja na ufundi, ilikula mshahara wangu wa mwezi mmoja na zaidi.

Mwaka ule ule wa 2017 niliolinunua, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa. Tulishangilia. Ada ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na ya mafuta ya taa pia, ili watu wasiyachanganye na dizeli. Daftari langu halina mstari wa jambo hilo, kwa kuwa sehemu yake ililipwa na bibi fulani kijijini, anayewasha kibatari na hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa idara aliniomba daftari hili kabla hajatuma fedha Japani. Alilirudisha baada ya siku mbili, akasema amelisoma lote, hata ukurasa wa gia boksi. Nikamuuliza ameamuaje. Akaniambia amekwisha kutuma, naye angependa nimpe namba ya fundi anayeijua CVT.