Rose Valland na Garimoshi la Michoro

Mwaka 1964, wapenzi wa sinema walimwona Burt Lancaster akiwa Labiche, mfanyakazi wa reli ya Ufaransa anayehangaika kulizuia garimoshi lililosheheni michoro ya thamani kubwa. Kanali wa Kijerumani anataka kuitorosha kutoka Paris kabla majeshi ya Washirika hayajafika. Vituo vinabandikwa majina ya uongo ili Wajerumani waamini wanakaribia kwao, kumbe wanazungushwa na kurudishwa walikotoka. Katika filamu hiyo, The Train, mwongozaji John Frankenheimer aligonganisha vichwa halisi vya garimoshi mbele ya kamera.

Chimbuko la hadithi hiyo ni kitabu alichochapisha Rose Valland mwaka 1961. Ndani ya filamu, mhusika aliyechorwa kwa mfano wake anaonekana mwanzoni tu, akiwaomba watu wa reli msaada, kisha anatoweka.

Valland wa kweli hakutoweka. Alizaliwa mwaka 1898, binti wa mhunzi wa kijijini, akasomea sanaa na kufanya kazi katika makumbusho ya Jeu de Paume, Paris. Vita vya Pili vya Dunia vilipobisha hodi Agosti 1939, Jacques Jaujard, ofisa mwandamizi wa makumbusho ya taifa ya Ufaransa, alisimamia uhamishaji wa hazina za makumbusho ya Louvre. Mona Lisa ilipelekwa kwenye kasri la Chambord, na baadaye ikawa inahamishwa huku na huko hadi vita vilipokwisha.

Mali za watu binafsi hazikupata kinga hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 1940, Wanazi walioikalia Paris waliigeuza Jeu de Paume kuwa ghala la sanaa walizopora, nyingi zikiwa za familia za Kiyahudi. Hermann Göring, mmoja wa vigogo wa Wanazi, alifika mara kwa mara kujichagulia alichokitaka. Kwa maelekezo ya Jaujard, Valland alibaki kazini.

Wajerumani walimwona mama mpole asiye na makuu, nao wakazungumza mbele yake bila hadhari, wasijue kwamba anaielewa lugha yao. Alikariri majina ya wenye mali, namba za masanduku na mahali yalikopelekwa, kisha akayaandika. Usiku alichukua filamu za picha zilizopigwa na waporaji, zikasafishwa nakala, na asubuhi akazirudisha mahali pake. Kugunduliwa kungemgharimu maisha.

Garimoshi nalo lilikuwepo. Mwanzoni mwa Agosti 1944, masanduku 148 ya michoro, zikiwemo kazi za Picasso, Braque na Cézanne, yalipakiwa kwenye mabehewa 5. Mabehewa mengine yalijazwa samani zilizoporwa majumbani mwa Wayahudi, na upakiaji huo ukachelewesha safari. Valland alikwishapeleka taarifa za garimoshi hilo kwa Jaujard, nazo zikawafikia watu wa reli. Wafanyakazi wa reli wakazidisha ucheleweshaji, leo hitilafu hii, kesho ile, hata garimoshi likakwama katika vitongoji vya Paris. Lilikombolewa na wanajeshi wa Ufaransa wakiongozwa na luteni Alexandre Rosenberg. Baadhi ya michoro iliyokuwamo ilikuwa ya baba yake, mfanyabiashara wa sanaa Paul Rosenberg.

Sinema inahitaji moshi, milipuko na shujaa anayekimbia relini, na The Train ilistahili sifa kwa kuwakumbusha watu ushujaa wa wafanyakazi wa reli. Lakini mwandishi wa hadithi akimweka pembeni mtunza kumbukumbu, hasara ni kubwa: mchoro uliookolewa bila jina la mwenyewe hauwezi kurudi nyumbani kwake. Hata The Monuments Men ya mwaka 2014, iliyompa Cate Blanchett nafasi ya mhusika aliyetokana na Valland, ilitumia sehemu ya muda wake kudokeza mapenzi kati yake na ofisa Mmarekani.

Orodha za Valland ndizo zilizomwelekeza ofisa wa Kimarekani James Rorimer hadi kasri la Neuschwanstein, Bavaria, palipofichwa shehena kubwa ya mali hizo. Baada ya vita, Valland alivaa sare za jeshi la Ufaransa na kwenda Ujerumani kuzisaka zilizosalia. Aliendelea kufuatilia suala hilo hadi uzeeni, akafariki mwaka 1980. Makumbusho ya Ufaransa bado yanahifadhi takriban kazi 2,000 zilizorejeshwa kutoka Ujerumani, na watafiti wanaowatafuta warithi wa wenye kazi hizo wangali wakifungua kumbukumbu alizoziacha Valland.